Unga wa Upande wa Nje

Mkuu wa kituo alikuwa hapendi faili nene. Faili ikishanenepa, alisema, hakimu anasinzia. Ile aliyomsukumia Inspekta Bomba asubuhi hiyo ilikuwa na karatasi nne tu, na moja kati ya hizo ilikuwa tupu.

"Mwanamke kafa," mkuu alisema. "Unga umeonekana tumboni mwake. Unga umeonekana jikoni kwake. Aliyekuwa anapika ni wifi yake, na walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mwendesha mashtaka anaitaka saa tisa. Weka sahihi yako tumalize."

"Unga wa tumboni ulikuwa wapi, afande?"

"Tumboni! Si ndiyo nimekwambia?"

"Tumbo kubwa hilo."

Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama mlango uliogoma kufunguka. Alimjua. Kabla hajavaa sare, Inspekta alikuwa fundi wa mabomba miaka tisa, tena fundi aliyeacha shule darasa la sita, na jina la Bomba lilikuja naye kazini kama kovu. Mambo ya vitabuni hayakumwingia sana. Lakini ukimwambia kitu kimeziba, hakulala mpaka ajue kimezibia wapi.

"Saa tisa," mkuu akarudia. "Sio saa tisa na dakika moja."

Inspekta alisoma zile karatasi akiwa amesimama. Marehemu alikuwa mke wa seremala, umri miaka thelathini na minne. Wiki sita nyuma alipasuliwa tumbo katika hospitali kubwa, kidole tumbo kimepasuka. Alitoka salama, akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Dada mkubwa wa seremala akahamia pale kumuuguza na kumpikia uji. Wiki ya sita mgonjwa akaanza kulia tumbo, akatapika, akarudishwa hospitali, akafa kabla hajafika kwenye meza ya upasuaji. Konstebo aliyesimamia uchunguzi wa maiti aliandika mstari mmoja: chembe nyeupe zimeonekana tumboni. Konstebo huyohuyo akaenda jikoni, akakuta pakiti ya unga mweupe juu ya kabati. Moja na moja, mbili.

Akashuka mahabusu.

Wifi mtu alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo wima, viatu amevipanga pembeni kama yuko mlangoni kwa watu. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono mikubwa.

"Uligombana na marehemu?" Inspekta aliuliza bila kuzunguka.

"Kila siku iliyochwa. Nani hagombani na wifi yake? Siku ukitukuta mawifi tumenyamaza, hapo ndipo mje na pingu."

"Mligombania nini?"

"Chumvi. Sufuria. Nani kaacha mlango wazi. Mafahali wawili zizi moja, baba, unategemea nini?"

"Na unga wa juu ya kabati?"

"Sumu ya panya. Njoo ulale kwetu siku moja, hutaniuliza tena."

"Nieleze alivyougua. Usiruke kitu."

Mwanamke alivuta pumzi. "Tumbo lilikuwa linamkata kwa awamu. Linakuja, linamkunja, linamwachia. Linakuja tena. Chochote alichokunywa kilirudi. Kwanza kilirudi kama kilivyoingia, halafu kikawa kijani, mwisho kikawa na harufu ya chooni. Tumbo likajaa likawa ngoma. Na huko chini kimya."

"Kimya vipi?"

"Unataka niseme? Hakwenda haja. Hata upepo haukutoka."

Inspekta aliandika: *hata upepo*. Akapiga mstari chini yake mara mbili. Katika miaka ishirini ya upolisi alikwisha kuona watu wanne waliolishwa sumu ya panya, na wote walifunguka juu na chini. Huyu alifungukia juu tu. Maji yakipanda kwenye sinki na mtaro wa nje ukawa mkavu, huhitaji shahada kujua kuna mahali pameziba.

"Nitarudi," alisema.

"Wote mnasema hivyo," mwanamke akajibu. "Kesho wananipeleka kwa hakimu. Ukirudi keshokutwa usihangaike."

Daktari wa maiti alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya hospitali, dirisha moja, hadubini moja, na kiti kimoja ambacho alikuwa amekikalia mwenyewe. Inspekta akasimama.

"Umekuja kuuliza au umekuja kuandikiwa?" daktari alisema. "Maana yule konstebo wenu alisimama mlangoni ameziba pua. Alinisikia nikitaja chembe nyeupe, akakimbia nazo kama kuku aliyeokota mnyoo. Sijamaliza hata kuandika ripoti yangu."

"Nimekuja kuuliza. Alikufa na nini?"

"Utumbo mwembamba uliziba. Sehemu moja ikajikunja, damu ikakatika, ukaanza kuwa mweusi. Hilo halina ubishi."

"Umezibwa na nini?"

"Aa. Sasa unauliza vizuri."

"Bomba huziba kwa njia tatu, daktari. Kuna kitu ndani, au ukuta wake umevimba, au kuna kitu kinalibana kwa nje."

Daktari akavua miwani. "Nani kakufundisha?"

"Mabomba."

"Basi umewapita wanafunzi wangu wawili. Hapa ni nje. Mtu akipasuliwa tumbo, utumbo unaguswa, unashikwa, unakauka hewani. Ukipona unaota nyuzi za kovu. Nyuzi zinashikamanisha utumbo kwa utumbo, au utumbo na ukuta wa tumbo. Watu wengi sana wanaishi nazo mpaka wanazeeka, hawana habari. Lakini mmoja mmoja, siku isiyo na jina, utumbo unajikunja kwenye uzi kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ukiletewa mtu aliyeziba utumbo, jambo la kwanza ni kumtazama tumbo kama lina mshono."

"Hakuna sababu nyingine?"

"Zipo. Kuna ngiri, nyama chini ya mshono ikiachia, utumbo unapenya hapo. Mshono wake ulikuwa mzima. Kuna uvimbe, hakuwa nao. Kuna usaha uliobaki, nao hakuna. Na kuna kitambaa kilichosahauliwa ndani. Hicho nilikitafuta kama mtu aliyeangusha pete ya ndoa. Hakuna."

"Sasa unga."

Daktari alivuta kisanduku kidogo cha vioo, akachagua kimoja, akakiweka chini ya hadubini. "Utumbo wake haukuwa na uzi mmoja wala miwili. Ulikuwa umegandana kama nguo iliyomwagikiwa gundi. Na kila nilipokata kovu, mlikuwa na chembe nyeupe."

"Ndani ya utumbo?"

"Nani kakwambia ndani? Juu ya utumbo. Upande wa nje. Zimefungiwa ndani ya kovu."

Inspekta aliandika: *upande wa nje*. Kisha akauliza polepole, kila neno peke yake, "Kitu mtu alichokunywa kinaweza kufika upande wa nje?"

"Kama utumbo umetoboka. Huu niliupitisha maji kutoka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa haujatoboka popote. Hata tone halikuvuja."

"Na kovu kama hilo linaota kwa siku ngapi?"

"Siku? Wiki kadhaa."

Inspekta alitoa mfukoni bahasha ya ushahidi. Ndani mlikuwa na kijiko kimoja cha ule unga wa juu ya kabati. "Hebu utazame na huu."

Daktari aliweka kioo cha pili kando ya cha kwanza, akageuza kitu kwenye taa ya hadubini, akatazama, akasogea. "Chungulia mwenyewe. Huku unga wako. Huku wangu."

Inspekta aliinama. Unga wa jikoni ulikuwa punje butu, hazina mwanga. Ule wa kwenye kovu ulimetameta kama chupa iliyovunjwavunjwa kwenye jua.

"Ni nini hii?"

"Poda. Talki. Ileile unayompaka mtoto akitoka kuoga. Kwenye ngozi haina neno. Ikiingia tumboni mwili hauwezi kuiyeyusha wala kuitoa, basi unaijengea ukuta wa kovu."

"Kwa hiyo iliua poda."

"Usinitie maneno mdomoni. Kidole tumbo kilichopasuka peke yake kinatosha kugandisha utumbo. Mahakamani sitaapa kwamba ni poda tu." Daktari akavaa miwani yake. "Nitaapa kwamba si uji."

"Liandike hilo. Ripoti niipate kabla ya saa nane."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Poda haikupita mdomoni. Ilipita mlango uliokuwa wazi, na mlango ulikuwa mmoja."

Ilikuwa saa nne na nusu. Alivuka ua wa hospitali, akapanda ngazi, akasimama kwenye mstari mwekundu uliochorwa sakafuni mbele ya chumba cha upasuaji. Sista mkuu wa chumba hicho alitoka kwa mwendo wa mtu mwenye kazi, kofia kichwani, daftari kwapani. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Kama umekuja kwa ajili ya kitambaa, kaa chini nikuonyeshe," alisema. Akafungua daftari kwenye siku yenyewe. "Vitambaa ishirini vimeingia, ishirini vimetoka. Tumehesabu watu wawili, kwa sauti. Sindano nazo hizi hapa. Tena daktari wa maiti hakukuta kitu."

"Hakukuta kitambaa," Inspekta alikubali. "Kakuta poda."

Sista akacheka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi si kwetu. Glavu zetu ni za boksi, zikishavaliwa zinatupwa. Hazina poda. Tazama." Akamletea boksi. Lilikuwa limeandikwa hivyo kweli, kwa herufi kubwa.

"Tangu lini mnatumia hizi?"

"Mwaka sasa."

"Bila kukatika?"

Sista aligeuza boksi mikononi. "Vitu vya hospitali ya umma, Inspekta. Kuna wakati vinachelewa."

"Nionyeshe daftari la stoo."

Lilichukua robo saa kupatikana, na lilipofika Inspekta alilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Kidole kikasimama. Maboksi yaliisha wiki nane nyuma. Mengine yaliingia wiki nne nyuma. Marehemu alipasuliwa katikati.

"Wiki nne zile mlivaa nini, sista? Msiniambie mlifanya kwa mikono mitupu."

"Zile za zamani," sista alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Nene. Zinafuliwa, zinachemshwa kwa mvuke, zinarudi. Tumezitumia miaka na miaka hapa, hajawahi kufa mtu."

"Nani anazifua?"

Nyuma ya jengo, kwenye chumba kilichojaa joto na harufu ya sabuni, alikuwepo Bi Mvuke. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mishahara na si kwingine. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni kubwa la chuma katikati ya magoti, anafua. Juu ya kichwa chake glavu zile nene, sasa za akiba boksi zikiisha tena, zilikuwa zimening'inia kwenye kamba kama mikono ya watu wanaoaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Polisi? Basi umechelewa, wajukuu wangu wameshaniibia kila kitu."

Inspekta akatabasamu, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. "Nifundishe kazi yako."

"Unataka kuniondoa?"

"Nataka kuijua tu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwomba hivyo, na Bi Mvuke alifunguka. Glavu huja na damu; huloweka kwa maji baridi, sio ya moto, ya moto huigandisha. Hufua nje na ndani. Hujaza hewa, huikaza, huisikiliza karibu na shavu kama ina tundu. Yenye tundu hutupa. Huanika. Ikikauka huipaka poda ndani na nje, huizungushia kitambaa, huipeleka kwenye mashine ya mvuke.

"Poda ya nini?"

"Mkono uingie! Bila poda ni kama kuvaa soksi iliyolowa. Na zenyewe zinagandana kwenye mashine. Mimi sibanii. Naweka ya kutosha."

"Na hiyo poda haiingii kwa mgonjwa?"

Bi Mvuke alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati kinyumenyume. "Itaingiaje? Mpasuaji akishavaa, anasuuza. Kunakuwa na beseni la maji yaliyochemshwa, pale pembeni ya meza. Anasuuza mikono miwili, anafuta kwa kitambaa safi, ndipo amguse mtu. Hiyo ndiyo kazi. Miaka ishirini na sita. Mimi napaka kwa sababu najua wao wanasuuza."

"Beseni hilo likoje?"

"La chuma, zito, lina mikono miwi..." Akatazama kati ya magoti yake.

Beseni alilokuwa anafulia lilikuwa na mikono miwili.

"Hili nilipewa mwaka jana," alisema. "Walilileta wenyewe. Nikajua wamepata jipya."

Inspekta hakuandika. "Nani alileta?"

"Sista. Alisema hawalihitaji." Bi Mvuke akatoa mikono majini, akaiweka kwenye mapaja, ikalowesha gauni. "Mwanangu, kwani kuna mtu amekufa?"

"Yupo."

"Nimemuua mimi?"

Inspekta hakuwa mtu wa maneno ya kufariji, na hakuyatafuta. "Wewe ulifanya nusu ya kazi, mama, na uliifanya sawa. Nusu ya pili iliondolewa, na hukuambiwa."

Sista mkuu alikuwa bado amesimama pale alipomwacha, daftari la stoo mkononi. Alijua kabla hajaulizwa. Ilionekana kwa jinsi alivyofunga mlango.

"Niliondoa mimi," alisema. "Glavu za boksi zilipokuja hazina poda. Beseni likawa la kazi gani? Maji yanamwagika, watu wanateleza. Nikampa Bi Mvuke."

"Na glavu za zamani ziliporudi?"

"Zilirudi na poda yake. Beseni..." Akatikisa kichwa. "Siku ya kwanza nilikuwa likizo. Waliokuwepo wamekuta meza haina beseni, wakajua ndivyo kazi ilivyo. Niliporudi nikaona kazi inakwenda. Nilizikamata glavu zile kwa mikono yangu, Inspekta. Niliona poda ikianguka sakafuni. Nikafikiria sakafu."

"Liandike."

Alipopewa karatasi hakuishika. "Unajua nikisaini hii nini kitanipata."

"Najua."

"Nina miaka mitatu nistaafu."

"Usiposaini, saa tisa jina la mtu mwingine linakwenda kwa mwendesha mashtaka kwa mauaji. Ripoti ya daktari itasema poda. Mwendesha mashtaka atauliza poda imetoka wapi. Nisipokuwa na jibu, atachukua lililo karibu, na lililo karibu ni mwanamke aliyepika uji." Inspekta akaweka kalamu juu ya karatasi. "Mimi sikuja kukamata mtu leo. Nimekuja kutoa."

Sista alisoma maelezo yote, akasahihisha tarehe moja, akatia sahihi. Kisha, bila kuambiwa, akafungua lile daftari lake la upasuaji na kuhesabu kwa kidole ndani ya zile wiki nne.

"Kumi na mmoja," alisema. "Ukimtoa marehemu, kumi. Wote matumbo."

"Wako wapi?"

"Majumbani kwao. Wanadhani wamepona." Alikuwa ameshashika simu. "Nitawaita mmoja mmoja. Atakayesema tumbo linamkata kwa awamu na anatapika, aje leo. Sio kesho. Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo."

Saa nane na dakika arobaini mkuu wa kituo alikuwa na faili ya karatasi kumi na tisa mbele yake. Aliisoma akiguna. Alipofika kwenye maneno ya daktari aliyarudia, alipofika kwenye beseni akaacha kuguna. Akaandika hati ya kumwachia mshukiwa, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kumbe hakuna muuaji," alisema, kama mtu aliyeahidiwa nyama akaletewa maharage.

"Kuna makosa, afande. Hayo yana ofisi yake, na nakala nimepeleka."

Seremala alikuwa ameitwa kupokea nakala ya ripoti ya kifo cha mkewe. Alifika na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama mbele ya kaunta. Mlango wa mahabusu ukafunguliwa, dada yake akatoka, viatu mkononi. Hawakuamkiana. Konstebo alimsukumia seremala ripoti, akamwonyesha mahali pa kusaini kwenye daftari.

"Bado," mwanamke alisema. "Asome kwanza."

"Nitasoma nyumbani, dada."

"Juzi ulinitangaza muuaji mbele ya waombolezaji, hukusubiri kufika nyumbani. Soma hapa. Kwa sauti."

Konstebo alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameegemea ukuta, hakusema ndiyo wala hapana.

Seremala akasoma. Alisoma kwamba utumbo mwembamba uliziba kwa sababu ya makovu baada ya upasuaji. Alisoma kwamba ndani ya makovu mlikuwa na poda, upande wa nje wa utumbo, na kwamba haikuweza kupita mdomoni. Alisoma kwamba hakuna dalili yoyote ya sumu. Sauti yake ilikuwa kavu lakini ilikwenda. Kisha ikakwama.

"Endelea," dada yake alisema.

"'Mgonjwa... mgonjwa alifikishwa hospitali siku ya tatu tangu alipoanza kutapika. Kuziba kwa namna hii, kukiwahiwa, mara nyingi hufunguliwa.'"

Hata mama mmoja aliyekuja kulalamikia baiskeli iliyoibwa aligeuka kumtazama.

"Siku ya kwanza nilisema nini?"

"Dada, tafadhali."

"Nilisema nini?"

"Ulisema tumpeleke."

"Na wewe?"

Seremala aliitazama karatasi kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Nilisema ni gesi. Nikaenda kumnunulia dawa ya gesi." Vumbi la mbao kwenye uso wake lilikuwa limeanza kulowa. "Siku ya pili nikanunua nyingine."

Hapo Inspekta akaelewa kwa nini mtu huyu alikuwa amepiga kelele haraka hivyo, na kwa nini alihitaji sana kuwepo muuaji. Lakini hilo halikuwa na kifungu cha sheria, na kalamu yake aliiacha mfukoni.

Mwanamke aliinama akavaa viatu, kimoja, kisha kingine. Akamnyang'anya mdogo wake ripoti, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Watoto wamekula?"

"Hapana. Tangu jana wako kwa jirani."

"Basi weka sahihi upesi utangulie," alisema. "Ukafike uwashe jiko. Leo utapika wewe, nami nitakaa hapohapo nikuangalie."